Makonyo

Kompyuta ya dukani imegoma tangu juzi.
Inaniandikia, kwa herufi zisizo na adabu:
nafasi imejaa.
Nafasi gani, na mie humu sina kitu
ila barua za watu wa Wete,
maombi ya kazi, stakabadhi za karafuu,
mialiko mitatu ya harusi, moja imeshavunjika?

Shaame fundi kaja na bisibisi asiyoitumia.
Kakaa kwenye kiti changu bila ya kuomba,
kabofya hapa, kabofya pale, kacheka.
"Raya, mashine yako haisahau.
Kila ukihifadhi, huiweka na ile ya kabla,
huenda ukajuta.
Tazama hii: barua moja,
nakala mia tatu na kumi na mbili,
na kila moja imebeba picha ya hati ya shamba."

Barua moja. Nikajua ya nani kabla sijaisoma.

Kila Alkhamisi, baada ya adhuhuri,
Bi Sichana Faki huja na noti ya elfu
aliyoikunja ikawa ndogo kama hirizi.
Huvua viatu, hukaa upande wa feni,
huniambia, "Nisomee tulipofika."
Mwaka wa sita huu tunamwandikia dada yake, Mgeni, aliyeko Tanga,
kwa ajili ya mikarafuu kumi na mmoja ya Mtambwe.

"Nifute?" kauliza Shaame.
"Ngoja. Hata makonyo yana bei."
"Makonyo wanayanunua kiwandani Wawi," kasema.
"Diski hainunui."

Nikasoma.
Ya kwanza haina salamu. *Mwizi weye*, inaanza,
na yanayofuata niliyachapa nimeinamisha kichwa.
Ya kumi na saba, salamu imeingia,
imejibanza mlangoni.
Ya arubaini, mwizi amekuwa *mtu asiyetosheka*.
Ya tisini, mvua ya vuli ilipiga bati hata hatusikilizani,
akanipigia ukelele: toa habari za mahakama!
Ya mia na hamsini, matusi yamerudi yote,
na mengine mapya:
bei ya karafuu ilikuwa imepanda.
Ya mia mbili na nne ina pengo.
Tulizozana nusu saa, *yangu* au *yetu*,
akalipa, akaenda zake,
neno halikuandikwa.

Ya mwisho ina mistari mitatu:
*Mgeni, mikarafuu ya baba imezaa mwaka huu.
Upande wako sijauchuma.
Makonyo yako nimeyaanika mbali na yangu.*

Chuoni walitufundisha
mabegani mwetu wako waandishi wawili.
Sikujua mezani nimemuweka wa tatu,
na huyu toba haijui:
aliyetukana yumo, aliyejirudi yumo,
kila mmoja na tarehe yake, na saa, na dakika,
wote Bi Sichana.

Mlangoni kijana wa skuli kashika fomu ya mkopo,
mwisho wake leo saa kumi.
Kanitazama. Shaame kanitazama.
Nikabonyeza mwenyewe.

Ilichukua muda mdogo kuliko kumenya chungwa.
"Na pipa pia," kasema Shaame, "usipolimwaga bado zimo."
Nikalimwaga.
Fomu ya kijana ikatoka ina joto.

Alkhamisi nikamweleza Bi Sichana,
sauti yangu imekauka kama ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.
Akanisikiliza, anajipepea kwa ncha ya mtandio.
"Zote?"
"Imebaki moja."
"Na lile tusi la mwanzo?"
"Limekwenda, bibi."
Akanyamaza. Feni ikazunguka, ikakwaruza, ikazunguka.
"Lilikuwa tusi zuri," akasema.

Kisha akavua viatu.
"Nisomee tulipofika."
Nikamsomea mistari yote mitatu.
Nikamuuliza kama tuitume.
Akatazama ukuta, kalenda ya benki, mikono yake
yenye weusi wa karafuu kwenye kucha.
"Hapo kwenye *baba*," akasema, "tia koma."

Nikatia.
Na mashine, kimya kimya,
ikaiweka na ile ya kabla.